Rover Kuukuu na Mtihani wa Sumaku

Mnunuzi mzoefu wa magari yaliyotumika hatembei bila sumaku ndogo mfukoni. Huipitisha kwenye bodi taratibu, na pale isiponata anajua kuna puti iliyofunika kutu au ajali ya zamani. Mbele ya Rover 75 ya miaka ya 1950, sumaku hiyo itamtia hofu bure. Itanata kwenye mafenda, lakini ikifika mlangoni itateleza na kuanguka. Kwenye boneti hainati, na kwenye buti ni vivyo hivyo. Asikimbie. Sehemu hizo zimetengenezwa kwa Birmabright, mchanganyiko wa alumini na magnesi, ileile iliyotumika kuundia bodi za Land Rover tunazozifahamu huku kwetu.

Chanzo chake ni vita. Mwaka 1949, gari hili lilipoanza kutoka kiwanda cha Solihull, karibu na Birmingham, chuma kilikuwa adimu Uingereza na serikali ndiyo iliyokigawa, ikiwapendelea waliouza nje ya nchi. Alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi, kwa kuwa kazi ya kuunda ndege za kivita ilikuwa imepungua. Shida ya chuma ikazaa gari ambalo milango yake haioti kutu, na hiyo ni sababu kubwa ya Rover hizi kuendelea kuuzwa zikiwa na sura njema hadi leo. Uzalishaji wa familia ya Rover iliyoanza na 75 hii ulikoma mwaka 1964. Waingereza waliipa jina la utani la Shangazi, nami naona linaifaa: ni gari la heshima, halina papara, na mlango wake ukifungwa unatoa mlio mzito wa kabati la mbao.

Ndani ndiko utakakomjua mwenye gari. Chini ya dashibodi ya mbao kuna droo ya vifaa. Ivute uione: kila spana imelala kwenye nafasi iliyokatwa kwa umbo lake, ndani ya mpira laini. Nafasi iliyo tupu inaonekana mara moja. Droo iliyokamilika baada ya miaka 70 inanishawishi kuliko rangi mpya inayong'aa, maana rangi hupulizwa kwa wiki moja, ila spana zote kubaki mahali pake kunahitaji watu waliojali, mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana ningechagua viti vya ngozi ya awali yenye mikunjo, na bahasha ya risiti za mafundi, kuliko gari lililovishwa upya kila kitu.

Kisha liendeshwe. Kuna kitasa ambacho ukikifungulia, kila unapoondoa mguu kwenye mafuta injini hujitenga na magurudumu, nawe unabadili gia ukiwa mwendoni bila kukanyaga klachi. Ni raha ya pekee mjini. Kwenye mteremko mrefu kifungwe, kwa sababu injini haisaidii tena kupunguza mwendo na mzigo wote unaziangukia breki.

Hatari yenyewe iko chini. Chasisi ni ya chuma, na chumvi inayomwagwa barabarani Uingereza wakati wa baridi huitafuna kuanzia nyuma, juu ya ekseli, mahali ambapo matope hukwama. Pale alumini inapogusana na chuma, unga mweupe hufura chini ya rangi. Kwa sheria ya huko, gari lililopita miaka 40 na ambalo halikubadilishwa sana halilazimiki tena kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka, hivyo huenda hakuna mkaguzi aliyeinama chini yake kwa miaka kadhaa. Muuzaji akisema gari limetunzwa vizuri, aombwe alipandishe juu, na mnunuzi aingie chini na tochi na bisibisi, aigongegonge chasisi kipande kwa kipande kabla ya kutaja bei.