Maili za Ndege Zilizokosekana: Jinsi ya Kuzidai Kabla Muda Haujapita

Wajumbe wa parokia na sharika zetu za Mkoa wa Kilimanjaro husafiri kwenda kutembelea marafiki zetu wa Ujerumani, Uholanzi, Marekani na kwingineko. Marafiki hao nao huja kwetu. Nauli za safari hizo ni fedha nyingi, na sehemu kubwa yake hutokana na michango ya waumini na wafadhili. Pamoja na nauli hiyo, shirika la ndege humpa abiria haki nyingine ambayo wengi hawaifuatilii: maili za msafiri. Makala hii inaeleza maili hizo ni kitu gani, kwa nini mara nyingi hazionekani kwenye hesabu ya msafiri, na namna ya kuzidai.

Maili ni nini?

Mkulima wa kahawa wa Machame, Kibosho au Rombo anaelewa vizuri habari ya malipo ya pili. Alipeleka kahawa kwenye chama cha msingi, akapewa stakabadhi na malipo ya awali. Baada ya mnada wa Moshi, akasubiri malipo ya pili. Aliyepoteza stakabadhi alipata taabu kuthibitisha kilo zake. Maili za ndege zinafanana na utaratibu huo. Umekwisha kusafiri, lakini kuna kitu chako kimebaki, na kukipata kunategemea karatasi ulizotunza.

Mpango wa AAdvantage wa shirika la American Airlines, ulioanza mwaka 1981, ni miongoni mwa mipango ya kwanza ya aina hii. Abiria hujiandikisha bila malipo, hupewa namba ya uanachama, na kila asafiripo huongezewa maili. Zikifika kiasi fulani, anaweza kuzitumia kupata tiketi. Ieleweke kwamba tiketi hiyo si ya bure kabisa, kwa sababu kodi na tozo za viwanja hulipwa kwa fedha taslimu.

Mashirika washirika

Mashirika mengi ya ndege yameungana katika miungano mitatu mikubwa. Star Alliance iliundwa mwaka 1997, oneworld mwaka 1999 na SkyTeam mwaka 2000. Ethiopian Airlines iliingia Star Alliance mwaka 2011, ambamo Lufthansa, Turkish Airlines na United zimo pia. KLM, Delta na Kenya Airways zimo katika SkyTeam. Qatar Airways iliingia oneworld mwaka 2013.

Maana yake ni kwamba mjumbe anayepanda Ethiopian kutoka Uwanja wa Kilimanjaro (KIA) hadi Addis Ababa na Frankfurt, kisha akaunganisha na Lufthansa kwenda mji mwingine wa Ujerumani, anaweza kuweka safari yote katika hesabu moja. Anaweza kuchagua ShebaMiles ya Ethiopian au Miles & More ya Lufthansa. Hawezi kuweka safari moja katika mipango miwili. Vivyo hivyo, mgeni anayetoka Marekani kwa Delta hadi Amsterdam, kisha akapanda KLM hadi KIA, anaweza kutumia SkyMiles ya Delta au Flying Blue ya KLM na Air France.

Kwa nini maili hukosekana?

Safari ikiwa ya shirika lenye mpango wenyewe, maili huingia bila shida. Tatizo huwa kwenye kipande cha shirika mshirika, kwa kuwa taarifa hutoka kompyuta ya shirika moja kwenda ya lingine. Sababu za kawaida ni hizi:

1. Namba ya uanachama haikuandikwa kwenye tiketi. Wakala aliyekata tiketi za kundi zima hakuulizwa, naye hakuuliza.

2. Majina hayalingani. Pasipoti ina majina matatu, lakini mjumbe alijiandikisha kwa jina la ubatizo na la ukoo tu, au kwa jina la kifupi alilozoea kuitwa nyumbani. Kompyuta haitambui kwamba ni mtu yuleyule.

3. Namba ya safari ni ya shirika moja, lakini ndege ni ya shirika jingine. Hapo huangaliwa masharti ya mashirika yote mawili.

4. Safari ilibadilishwa njiani. Ndege ikifutwa na abiria akahamishiwa shirika jingine, namba ya uanachama mara nyingi huachwa nyuma.

5. Nauli yenyewe haina maili. Kila tiketi ina herufi ya daraja la nauli, na baadhi ya herufi za nauli nafuu hazipewi maili, au hupewa sehemu tu. Hapa hakuna dai, hata kama karatasi zote zipo.

Hatua za kudai

Kwanza, subiri kidogo. Maili za shirika mshirika huchelewa kuliko za shirika lenyewe. Angalia hesabu yako baada ya wiki mbili au tatu.

Pili, kusanya karatasi. Zinazohitajika ni tiketi na bodingi pasi, yaani kadi ya kuingilia ndegeni, kwa kila kipande cha safari. Kwenye tiketi tafuta namba yenye tarakimu 13. Tarakimu tatu za mwanzo huonyesha shirika lililotoa tiketi: 071 ni Ethiopian, 074 ni KLM, 157 ni Qatar Airways, 220 ni Lufthansa na 706 ni Kenya Airways. Usiichanganye namba hii na ile ya herufi na tarakimu sita, ambayo ni ya nafasi uliyowekewa.

Tatu, peleka dai kwa mpango wenye namba yako ya uanachama, si kwa shirika ulilopanda. Hapa wengi hupotea njia. Kama wewe ni mwanachama wa Miles & More na ulipanda Ethiopian, dai lako linakwenda Miles & More. Fomu ipo kwenye tovuti ya mpango husika. Jaza namba ya tiketi, namba ya safari, tarehe, na jina kama lilivyo kwenye tiketi. Kama fomu ya safari za washirika inakuruhusu, ambatisha picha za bodingi pasi.

Nne, wahi. Flying Blue na Miles & More hupokea madai hadi miezi 6 baada ya safari. Mipango mingine ina muda wake, hivyo soma masharti mapema.

Tano, tunza nakala ya dai na namba ya kumbukumbu utakayopewa. Mzee asiyezoea kompyuta anaweza kusaidiwa na kijana wa parokia, ila neno lake la siri abaki nalo mwenyewe.

Hesabu ndogo

Katika mipango mingi, safari ya mshirika huhesabiwa kwa umbali na daraja la nauli. Kutoka KIA hadi Addis Ababa ni karibu maili 870, na kutoka Addis Ababa hadi Frankfurt ni karibu 3,320. Kwenda na kurudi ni karibu maili 8,380. Tuseme nauli ni ya daraja linalopewa nusu: kila mjumbe ana maili 4,190. Wajumbe watano wana 20,950. Si kitu cha kutupa.

Ila maili hizo zimo katika hesabu tano za watu watano, na hazijumlishwi zenyewe. Pia zina mwisho. Kwa mwanachama wa kawaida wa Flying Blue, maili hufa baada ya miezi 24 bila safari inayostahili. Kwa hiyo faida kubwa iko kwa yule anayesafiri mara kwa mara kwa niaba ya wenzake.

Ni mali ya nani?

Hili ndilo swali ambalo kamati nyingi hazijalijadili. Kwa masharti ya mashirika, maili ni za mtu aliyekaa kwenye kiti, hata kama nauli imelipwa na parokia. Parokia haiwezi kumnyang'anya, na maili haziruhusiwi kuuzwa; anayeziuza anaweza kufungiwa hesabu yake. Hata hivyo, mwanachama anaweza kutumia maili zake kumkatia mtu mwingine tiketi. Kwa hiyo kamati na mjumbe wanaweza kukubaliana kabla ya safari kwamba maili zilizotokana na sadaka za waumini zitasaidia nauli ya mjumbe anayefuata. Makubaliano hayo yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Yasipoandikwa, baadaye yataleta manung'uniko kati ya watu wanaoaminiana.

Tunashauri katibu wa kamati awe na jalada moja la safari. Kabla ya safari aandike namba ya uanachama ya kila mjumbe na kumkabidhi wakala. Wajumbe wakirudi, apokee bodingi pasi pamoja na stakabadhi nyingine za matumizi. Baada ya mwezi mmoja aulize kama maili zimeingia.

Kwa wafadhili wetu mnaokuja kututembelea, angalieni nanyi hesabu zenu mkifika nyumbani, hasa kipande cha mwisho cha kuja KIA. Baadhi ya mipango, ikiwamo Flying Blue na Miles & More, huruhusu pia mwanachama kutoa maili zake kwa mashirika ya hisani iliyoyateua.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kamati ambazo wajumbe wake wamesafiri katika miezi 6 iliyopita bado zina nafasi. Zitafuteni bodingi pasi zenu wiki hii.