Sabufa Isiyo na Jina

Jumamosi moja nilikuwa nimekaa kwenye benchi la fundi redio pale Maji ya Chai, pembeni mwa barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, nikisubiri pasi yangu ibadilishwe waya. Akaingia mama mmoja na sabufa kaifunga kwenye kanga, kaipakata kama mtoto mchanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Rimoti ya hii imetafunwa na mbwa. Nimetafuta Usa River, nimetafuta Tengeru, nimefika mpaka mjini. Kila duka wananiuliza ni kampuni gani. Sasa mimi nitajuaje, na yenyewe haijaandikwa kitu?"

Fundi akaigeuza. Mbele taa za rangi, nyuma kibandiko chenye voti na wati, basi. Akacheka. "Mama, hizi zisizo na jina ndizo rahisi."

Nimekuwa nikiwaambia watu jambo hilo miaka yote na hawaniamini. Mtu akipoteza rimoti ya kifaa kisicho na jina anakihesabu kimekufa. Anakiweka stoo, au anampa mtoto afungue atoe sumaku ya spika. Tena sisi wa Maji ya Chai tulipaswa kuwa wa kwanza kujua kwamba sura na kilichomo ni vitu viwili. Mto wetu umepewa jina kwa rangi ya maji yake, lakini kinachoharibu meno ya watoto wa huku ni floridi, na floridi yenyewe haina rangi.

Rimoti haijui jina lililoandikwa kwenye kifaa. Ukibonyeza kitufe, ile taa ndogo iliyo puani mwake inamweka kwa kasi ya karibu mara 38,000 kwa sekunde, kwa mwanga ambao jicho la binadamu halioni. Elekeza rimoti kwenye kamera ya mbele ya simu ubonyeze, mara nyingi utaiona ikiwaka zambarau. Kasi hiyo ndiyo kitambulisho. Jua la dirishani nalo limejaa mwanga wa aina hiyohiyo, ila halimweki, kwa hiyo jicho la sabufa limetengenezwa lilipuuze. Likizidi sana linalipofusha, ndiyo maana nyumba yenye madirisha ya magharibi rimoti inagoma saa kumi jioni, halafu usiku inashika vizuri.

Juu ya kumweka huko ndipo maneno yanapopangwa. Vifaa vingi vya bei nafuu kutoka China vinatumia lahaja iliyotungwa na kampuni ya NEC ya Japani, na mimi naipenda kwa sababu ina adabu. Inaanza kwa kupiga hodi: mweko mrefu wa milisekunde 9, kisha kimya cha milisekunde 4.5. Baada ya hapo zinakuja tarakimu 32 za sifuri na moja. Zote zinaanza na mweko mfupi wa aina moja, kinachozitofautisha ni kimya kinachofuata. Kimya kifupi ni sifuri, kimya cha mara tatu yake ni moja. Nane za kwanza ni anwani, yaani ujumbe huu ni wa nani. Nane za pili ni anwani ileile imepinduliwa, kila sifuri imekuwa moja na kila moja imekuwa sifuri. Kisha amri, kisha amri hiyo nayo imepinduliwa.

Kwa nini kusema jambo mara mbili, mara ya pili kinyumenyume? Ni shahidi. Chipu ya sabufa inalinganisha kauli na kinyume chake, zisipooana hata kwa tarakimu moja inautupa ujumbe mzima. Na kuna jambo la pili linalotokana na hilo, ambalo liliponiingia akilini nililiwaza usiku kucha: kwa kuwa kila tarakimu ina pacha wake aliyepinduliwa, kila ujumbe una sifuri 16 na moja 16 kamili. Kuzima, kuongeza sauti, kuruka wimbo, kila amri inachukua milisekunde 67.5, haizidi haipungui. Ukiendelea kushikilia kitufe, rimoti hairudii maneno yote. Kila baada ya milisekunde 110 hivi inatoa ishara fupi tu yenye maana ya "vilevile".

Sasa rudi kwa ile anwani. Kampuni yenye jina inataka anwani yake isigongane na za wengine. Kiwanda kisicho na jina hakihangaiki na hilo. Kinanunua chipu na kuacha anwani kama ilivyokuja, na mara nyingi imekuja sifuri. Sabufa za mitaani, redio za gari za bei poa, taa za mkanda zenye rimoti ya vitufe 44, utakuta ukoo mzima unaishi kwenye anwani moja. Kinachobadilika ni amri tu: namba ambayo kwangu ni sauti, kwako ni wimbo unaofuata.

TV ni kisa kingine, na hapo ndipo rimoti ya TV zote inapopata sifa na matusi. Ndani yake kuna orodha ya mamia ya namba. Unashikilia kitufe cha SET mpaka taa nyekundu iwake isizime, unaielekeza kwenye TV iliyowaka, kisha unabonyeza cha kuzima taratibu, mara moja kwa kila namba, mpaka kioo kizime. Taratibu, nasema. Wengi wanabonyeza kama wanaua mbu, wanaipita namba yenyewe, kisha wanarudi dukani kulalamika. Mimi mwenyewe niliwahi kuhangaika karibu nusu saa, kumbe jicho la TV limefunikwa na kitambaa cha kufuma.

Na usidanganywe na kioo. TV nyingi za flati zilizopita kwa fundi zimebadilishwa bodi, zikapewa zile bodi za jumla zinazoingia karibu TV yoyote na zinazokuja na rimoti yake. Usoni Sony, tumboni mgeni kabisa. Ukiweka namba ya Sony utakesha. Tafuta namba ya bodi.

Arusha ilikuwa na kiwanda cha Philips cha kuunganisha redio, na Philips hao ndio waliotunga lahaja nyingine ya rimoti, RC-5. Leo hapahapa tunashindwa kuokoa sabufa kwa sababu ya kipande cha plastiki. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 kisha mikoani, kila sebule imeongeza rimoti ya king'amuzi juu ya zile zilizokuwepo, na kila moja inakula betri mbili. Zikiisha zinang'atwa kwa meno, zinaanikwa juani, mwisho zinatupwa kwenye shimo la migomba, na ndizi za hapo tunakula. Vile vibetri bapa vya rimoti nyembamba ni vibaya zaidi: mtoto akimeza kimoja kinaunguza koo ndani ya saa chache, mkimbize hospitali usisubiri. Na rimoti isiyoshika kitufe kimoja haijafa. Ifungue, futa ule mpira kwa spiriti, kitufe kilichochoka kibandike kipande cha karatasi ya sigara yenye fedha.

Mengine kwa haraka: simu kadhaa za Redmi zina taa ya rimoti juu, programu ni bure, feni za rimoti zinakubali kunakiliwa, rimoti ya kiyoyozi inatuma hali nzima kwa mpigo, nyuzi joto na kasi, kwa hiyo usiinakili kitufe kimojakimoja, rimoti za bluutuuthi na za geti usipoteze muda, kwa kawaida hazitumii mwanga.

Fundi akavuta droo iliyojaa rimoti za marehemu, akaanza kuielekezea sabufa moja baada ya nyingine. Ya nne, ya redio ya gari, ikashika: kitufe cha 7 kinazima, cha wimbo unaofuata kinaongeza sauti. Hapo akatoa rimoti mpya, ya aina inayojifunza. Akashikilia SET, akabonyeza kitufe cha sauti, akazigusanisha pua kwa pua, akabonyeza ya zamani. Taa ikamweka mara mbili. Akaendelea hivyo kitufe kwa kitufe, vitufe sita, na kila kitu kikakaa chini ya alama yake sahihi.

"Haya mama, jaribu."

Mama akaongeza sauti. Sabufa ikatii, na zile taa za mkanda zilizozunguka kibanda cha fundi zikageuka kutoka bluu kuwa nyekundu.

"Na hizo nimezifanya mimi?"

"Ni wewe mama. Anwani moja."

Akabonyeza tena.