Mtambo Mzima, Kipuri Hakipo: Tatizo la Elektroniki Kuukuu Jeshini

Katika matumizi ya kila siku, "kuchakaa" na "kupitwa na wakati" aghalabu huchukuliwa kuwa na maana moja. Kwa mhandisi wa mitambo ya kijeshi, hata hivyo, hizi ni dhana mbili tofauti. Kilichochakaa kimeharibika kwa kutumika; kilichopitwa na wakati chaweza kuwa kizima kabisa, ila kiwanda kilichokiunda kimeacha kukiunda. Makala haya yanafafanua tatizo hili la pili kwa kurejelea jeshi la Marekani, na yanaonyesha kwamba ufumbuzi wake wa kudumu hutegemea maandishi zaidi ya bohari.

Chanzo cha tatizo ni tofauti ya umri. Ndege ya mwisho ya mabomu aina ya B-52 ilitoka kiwandani mwaka wa 1962, na aina hiyo ingali inaruka. Saketi za kielektroniki, kwa upande mwingine, huundwa kwa miaka michache tu kabla ya soko kudai mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, jeshi lilikuwa mnunuzi mkuu wa saketi hizo, na viwanda vilisikiliza matakwa yake. Kompyuta za nyumbani na simu za mkononi zilipoenea, jeshi likageuka kuwa mteja mdogo. Isitoshe, mwaka wa 1994 Waziri wa Ulinzi, William Perry, aliagiza viwango vya kibiashara vitumiwe badala ya vile vya kijeshi kila ilipowezekana. Agizo hilo lilinuiwa kupunguza gharama. Lakini pia liliifungamanisha mitambo ya miongo mingi na soko linalobadilika kila uchao.

Athari zake si haba. Mwaka wa 2016, wakaguzi wa serikali ya Marekani waliripoti kwamba mfumo wa kuratibu silaha za nyuklia ulikuwa ukitumia kompyuta za IBM Series/1 za miaka ya 1970 pamoja na diski laini za inchi 8. Diski hizo ziliondolewa mwaka wa 2019. La kutisha zaidi ni vipuri bandia. Uchunguzi wa kamati ya Seneti, uliochapishwa mwaka wa 2012, ulibaini takriban visa 1,800 katika miaka ya 2009 na 2010 pekee, vikihusisha zaidi ya vipuri milioni moja. Saketi kuukuu zilikuwa ziking'olewa katika taka za kielektroniki, zikasuguliwa, zikapigwa chapa mpya na kuuzwa kana kwamba hazijawahi kutumika. Rubani aliye angani hana namna ya kujua kwamba uhai wake unategemea kipande kilichookotwa jaani.

Wahandisi hukabili tatizo hili kwa njia kadhaa. Ya kwanza ni ununuzi wa mwisho: kiwanda kinapotangaza kusitisha uzalishaji, jeshi hununua akiba ya miaka mingi. Ila kukadiria mahitaji ya miaka thelathini ni kupiga ramli, na vipuri vyenyewe huweza kuharibiwa na unyevu ghalani. Ya pili ni kutumia kampuni kama Rochester Electronics, ambazo huendelea kuunda saketi zilizoachwa kwa idhini ya waundaji asilia. Ya tatu ni kusanifu upya sehemu nzima, jambo linalohitaji majaribio marefu na fedha nyingi. Ya nne ni kuunda saketi ya kisasa inayoiga tabia ya ile ya zamani, ili mtambo usitambue kwamba umebadilishiwa.

Njia hii ya nne ndiyo inayofichua umuhimu wa lugha. Haiwezekani kuiga kisichojulikana. Kwa kutambua hivyo, mwaka wa 1983 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa kandarasi ya kuunda VHDL, lugha rasmi ya kueleza jinsi saketi inavyofanya kazi bila kufungamana na teknolojia ya kiwanda chochote. Ilisanifishwa mwaka wa 1987. Saketi iliyoelezwa kwa lugha hiyo yaweza kufa kiwandani na kufufuliwa katika umbo jipya miaka mingi baadaye.

Hata hivyo, maelezo hayo si dawa mjarabu. Mitambo iliyotangulia lugha hiyo mara nyingi haina maelezo ya aina hii, na wahandisi hulazimika kuifumua ili kuichunguza. Aidha, programu za zamani wakati mwingine hutegemea kasi au hata kasoro za saketi ambazo hakuna aliyeziandika. Kwa kuhitimisha, wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Jeshi linaloagiza mtambo bila kudai maelezo yake kamili hununua chombo ambacho siku moja litashindwa kukitengeneza, hata kama hakijapigwa risasi moja.