Jengo na Moyo wa Mwenye Kuingia: Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani

Neno msikiti limetokana na neno la Kiarabu masjid, yaani mahali pa kusujudia. Jina lenyewe halitaji kuta wala paa. Linataja tendo la mwili. Hapo ndipo penye ufunguo wa swali: ni kitu gani katika jengo la ibada kiugusacho moyo wa mwenye kuingia?

Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ni mfano ulio wazi. Sehemu yake ya kaskazini, iliyo ndogo, ndiyo kongwe. Katika karne ya 14, enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ulipanuliwa upande wa kusini kwa kuba na matao ya matumbawe na chokaa. Mwenye kusali alitawadha kwanza, ndipo akaingia peku. Ndani, nguzo na matao yalirudia umbo moja safu kwa safu, na macho yakaongozwa kuelekea kibla. Mihirabu haikuwekewa sanamu. Ilimwonyesha mwelekeo, na ilisaidia kuirudisha sauti ya imamu, aliyewapa mgongo maamuma, iwafikie.

Jengo, basi, haliumbi imani. Huuandaa mwili ili khushuu ipate nafasi. Ndiyo maana hata mgeni asiyejua maana ya kibla huweza kujikuta ameshusha sauti. Yeye huguswa na ukimya na ukale wa mawe. Muumini huguswa na hayo pamoja na kumbukumbu ya sala. Hisia hizo hukaribiana, wala si moja.

Mwaka 1981 Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia kwa jina la magofu. Mwaka 2004 zilitangazwa kuwa hatarini, na mwaka 2014, baada ya kazi ya ukarabati, zikaondolewa katika hatari hiyo. Lakini maana ya mahali haikarabatiwi kwa chokaa. Aitwaye kutazama gofu huhesabu kilichoanguka. Aambiwaye kuwa hapa ni msikiti huuliza watu walitawadha wapi, walisimama vipi, walielekea wapi. Kwa hiyo anayewaongoza wageni Kilwa hulinda urithi kwa maneno yake kama fundi aulindavyo kwa mwiko. Maneno hayo yakisahauliwa, kuta zitasimama, bali zitakuwa mawe tu.