Mashimo ya Mfalme Sulemani: Filamu zilivyomsahau Foulata

MTAZAMAJI aliyeko Uchindile, mkoani Morogoro, ambako treni ya TAZARA hupita lakini ukumbi wa sinema haupo, anaweza kuitazama filamu iliyotengenezwa upya bila kujua kwamba ilitanguliwa na nyingine. Je, filamu inaporudiwa, nini huongezwa na nini hupotea?

Mfano ulio karibu nasi ni Mashimo ya Mfalme Sulemani, hadithi ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu tangu mwaka 1929 kwa tafsiri ya Frederick Johnson. Riwaya yenyewe, ya Mwingereza Rider Haggard, ilitoka mwaka 1885.

Filamu yake ya kwanza yenye sauti ilitengenezwa na Waingereza mwaka 1937, kwa picha za nyeusi na nyeupe. Umbopa, mrithi wa ufalme anayesafiri kama mtumishi, aliigizwa na Paul Robeson, mwimbaji mashuhuri Mmarekani mweusi ambaye katika miaka hiyo alijifunza Kiswahili jijini London. Umbopa wake huzungumza, huimba na ana hadhi ya mfalme.

Mwaka 1950 Wamarekani waliirudia kwa rangi, wakapiga picha Tanganyika, Kenya, Uganda na Kongo ya Wabelgiji. Badala ya muziki wa okestra uliozoeleka, walitumia ngoma na nyimbo za Kiafrika. Filamu hiyo ilipata tuzo 2 za Oscar, ya upigaji picha za rangi na ya uhariri.

Umbopa wa safari hii alikuwa Siriaque, Mtutsi. Mandhari na sura zilikaribia ukweli zaidi, lakini nafasi ya Umbopa kusema ilikuwa finyu kuliko ile aliyopewa Robeson. Aidha, baadhi ya picha za filamu hiyo zilitumiwa tena katika filamu nyingine, Watusi, ya mwaka 1959.

Marudio ya mwaka 1985, yaliyopigwa Zimbabwe, yaliwashirikisha Richard Chamberlain na Sharon Stone. Hapo safari ngumu iligeuzwa kuwa mzaha na vishindo, kwa kufuata mkumbo wa filamu za Indiana Jones.

Hata hivyo, pengo kubwa zaidi liko katika filamu zote 3. Kitabuni yumo Foulata, binti wa Wakukuana, anayemuuguza Kapteni Good na kumpenda, kisha anauawa akipambana na ajuza Gagool asiwafungie wageni ndani ya pango. Katika safari hiyo ya kitabuni hakuna mwanamke wa Kizungu. Katika filamu zote Foulata ameondolewa, na mwanamke wa Kizungu ameingizwa ili apendane na shujaa.

Haggard naye hakukosa dharau za zama zake, kwani alimfisha Foulata kabla mapenzi hayo hayajafika popote. Lakini walau alimpa jina, uamuzi na ushujaa.

Kwa hiyo, anayetaka kulinganisha filamu ya awali na marudio yake asiishie kwenye rangi na ubora wa picha. Aanze na kitabu, kisha aulize katika kila filamu: nani anasema, nani anapenda, nani anaamua?

Na iwapo siku moja Mtanzania atairudia hadithi hii, kabla ya kutafuta kamera bora, amrudishe kwanza Foulata.