Je, Wajua? Njia ya Chuma, kutoka Geita hadi Lenana

Vijana wengi wa Geita hawahitaji kufundishwa maana ya kamba, helmeti na giza la duara, yaani shimo la mgodi. Milimani kuna mchezo unaotumia vifaa vya aina hiyo, ila safari yake ni ya kwenda juu. Mpandaji hujifunga kwenye waya mnene wa chuma uliopigiliwa mwambani, kisha hupanda kwa kukanyaga nondo na ngazi fupi. Waitalia huuita via ferrata. Hapa tuuite njia ya chuma. Kabla hujafunga begi, soma haya.

Je, wajua kuwa Geita ina mazoea ya kupanda mlima?
Tangu 2002 Mgodi wa Dhahabu wa Geita umekuwa ukiandaa Kili Challenge kwa kushirikiana na Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania, TACAIDS, ili kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya VVU. Baadhi ya washiriki hupanda Kilimanjaro hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, na wengine huuzunguka mlima kwa baiskeli. Lakini njia za kawaida za Kilimanjaro hazina waya. Hata ukuta wa Barranco, wenye kimo cha karibu mita 250, watu huuparamia kwa mikono na miguu bila kamba.

Je, wajua njia ya chuma iliyo jirani iko wapi?
Iko Mlima Kenya. Vilele vyake viwili virefu, Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188), ni vya wapanda miamba wenye kamba na ujuzi. Cha tatu, Lenana, chenye mita 4,985, hufikiwa kwa miguu, na kwenye miamba iliyo karibu na kilele kumefungwa waya na ngazi za chuma. Kwa kulinganisha, njia ya chuma ya Mlima Kinabalu huko Malaysia, maarufu duniani kwa kimo chake, hufika mita 3,776. Ya Lenana imeipita kwa zaidi ya mita 1,200.

Je, wajua kuwa vita na uchimbaji vilichangia kuueneza mchezo huu?
Ngazi na waya vilikuwepo kwenye milima ya Austria tangu karne ya 19. Vikaongezeka sana kuanzia 1915, pale majeshi ya Italia na Austria yalipopigana juu ya milima ya Dolomiti na kulazimika kupandisha askari, chakula na risasi kwenye magenge. Huko Lagazuoi walichimba mahandaki ndani ya mwamba ili walipuane kutoka chini. Tarehe 20 Juni 1917 Waitalia walilipua zaidi ya tani 30 za baruti kwa mkupuo mmoja. Siku hizi watalii hupita kwenye mahandaki hayo wakiwa na helmeti na taa kichwani. Mchimbaji wa Nyarugusu, Geita, asingejiona mgeni.

Je, wajua kuwa kamba ya duara haitakuokoa?
Anayepanda kwa kamba ndefu akianguka, kamba huvutika na kupunguza kishindo. Kwenye njia ya chuma mpandaji ana kamba mbili fupi, kila moja ikiwa na karabina yake, yaani pete ya chuma yenye mlango unaojifunga. Akianguka, karabina huteleza na waya mpaka kwenye nondo inayoushikilia chini yake, pengine mita kadhaa, kisha husimama ghafla. Kishindo hicho chaweza kukata kamba ya kawaida au kumvunja mtu mgongo. Ndiyo maana seti halisi ina kifyonza kishindo, yaani mkanda ambao mishono yake hufumuka kidogo kidogo mzigo unapozidi. Kikishafumuka hakishonwi upya, hutupwa. Kiwango cha Ulaya EN 958, kilichorekebishwa 2017, kimepimwa kwa watumiaji wa kilo 40 hadi 120. Mtoto mwepesi kuliko hapo afungwe pia kwa kamba inayoshikwa na mtu mzima aliye juu yake.

Na kwa nini karabina mbili? Kila unapofika kwenye nondo unahamisha moja, unahakikisha imejifunga, ndipo unahamisha ya pili. Hakuna sekunde ambayo huna pa kushikwa.

Je, wajua kuwa waya haukuongezei pumzi?
Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kutoka ufukweni kwake hadi Lenana ni mita 3,851 za kupanda, na huko kileleni kila pumzi ina oksijeni iliyozidi kidogo tu nusu ya ile ya Dar es Salaam. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, kimo cha mahali unapolala kisiongezeke zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Sasa tazama njia ya Sirimon ya Mlima Kenya: kambi ya Old Moses iko mita 3,300 na Shipton mita 4,200. Ukiruka kutoka moja hadi nyingine umeongeza mita 900. Mpango mzuri huweka usiku wa ziada katikati. Mwenzako akianza kuyumba kama mlevi, ashushwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Je, wajua kuwa mlima huu una kiangazi cha pande mbili?
Kwa watembeaji, miezi mikavu zaidi ni Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Kwa wapanda miamba hesabu ni nyingine, kwa sababu mlima uko karibu kabisa na ikweta. Jua likiwa kaskazini, kati ya Juni na Oktoba, uso wa kaskazini wa Batian hukauka na wa kusini hushika barafu. Kuanzia Desemba hadi Machi mambo hugeuka.

Je, wajua kuwa kuna waliopanga safari hii wakiwa kifungoni?
Mwaka 1943 Waitalia watatu, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya wafungwa wa vita ya Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, ili tu waupande. Kwa miezi walikuwa wameweka akiba ya chakula na kutengeneza zana za barafu kutokana na nyundo na vyuma chakavu. Ramani hawakuwa nayo. Walikuwa na picha ya mlima iliyochapwa kwenye lebo ya kopo la nyama. Batian uliwashinda, lakini Februari 6 wawili kati yao walisimika bendera Lenana. Kisha wakarudi kambini kwa hiari yao.

Je, wajua kuwa uokoaji unaweza kuchukua zaidi ya wiki?
Septemba 1970 daktari wa Austria, Gerd Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian na kuvunjika mguu. Waokoaji wa Kenya walisaidiwa na wengine waliosafiri kwa ndege kutoka Austria, na rubani mmoja wa helikopta alipoteza maisha. Judmaier alipona.

Je, wajua kuwa mpanda ngazi hushuka?
Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na sasa msafiri wa Geita anafika Mwanza bila kusubiri kivuko, kisha anaelekea mpakani Sirari na hatimaye Nanyuki. Muda aliookoa barabarani autumie mlimani, lakini atenge pia muda wa kushuka. Wengi huondoka Shipton usiku wa manane ili wafike juu alfajiri, maana mchana mawingu hujaa, na radi ikipiga, waya wa chuma ndio njia yake. Kwa hiyo saa ya kugeuza iandikwe kwenye mpango kabla ya kutoka kambini, kila mmoja aijue, na isijadiliwe tena. Kichwa kilichokosa oksijeni si mwamuzi wa kuaminika.