Nakala ya Akiba Ijaribiwe Kabla ya Maafa

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai, 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini Mbale. Watu walipoteza maisha, na nyumba zikajaa maji na matope. Roho ya mtu haina fidia. Lakini mafuriko yale yaliacha pia onyo kwa kila ofisi ya eneo hilo, ikiwa ni pamoja na zile za Nakaloke: kazi iliyohifadhiwa mahali pamoja yaweza kupotea kwa usiku mmoja.

Siku hizi mipango ya kujenga barabara, shule na visima imo ndani ya kompyuta, katika programu za kupangia miradi. Humo huwekwa tarehe za kila kazi, vifaa vilivyotumika na siku alizofanya kazi kila kibarua. Data hiyo ikipotea, mkandarasi hushindwa kuthibitisha alichokamilisha, na kibarua hukosa ushahidi wa kudai ujira wake.

Tuseme kompyuta ya mradi mmoja huko Nakaloke imeharibika siku ya Ijumaa, na nakala ya akiba ni ya Jumatatu. Wengi hukimbilia kuirejesha juu ya kazi iliyopo. Hapo ndipo penye hatari. Katika programu nyingi, kurejesha si kuchanganya ya zamani na mapya; ni kufuta yaliyopo na kuweka hali ya Jumatatu. Lolote lililosalia la Jumanne hadi Ijumaa nalo hutoweka.

Njia ya salama ni hii. Kwanza, yanakiliwe yote yaliyosalia, hata kama yana kasoro. Pili, nakala ya akiba ifunguliwe katika kompyuta nyingine yenye toleo lile lile la programu, kwani faili la toleo jipya huweza kukataa kufunguka katika toleo la zamani. Tatu, zikaguliwe idadi ya miradi na tarehe za mwisho za kazi. Hatimaye, siku zilizopungua zijazwe kutoka katika daftari la kazini. Kwa hiyo daftari la karatasi lisidharauliwe.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya kompyuta huoza. Tarehe 31 Januari, 2017, mtumishi wa kampuni ya GitLab alifuta data kwa bahati mbaya. Ikagundulika kwamba njia kadhaa za akiba zilizotegemewa hazikuwa zikifanya kazi. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa 6 tu kabla ya ajali. Korea ya Kusini haikupata bahati hiyo. Moto uliozuka Daejeon tarehe 26 Septemba, 2025, uliteketeza terabaiti 858 za mafaili ya watumishi wa serikali, ambayo hayakuwa na nakala mahali pengine.

Wataalamu hushauri ziwepo nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 iwe mbali. Kwa ofisi ya Nakaloke, mbali si chumba cha pili. Ni Jinja au Kampala. Tena, mara moja kwa mwezi, nakala hiyo irejeshwe kwa majaribio.

Ndugu wasikilizaji, kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji msimamizi mmoja atakayeulizwa kila mwezi: je, umeijaribu?